Mtunza Nyumba za Askari Naye Afundishwe Kazi

Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni wakulima na makarani, na huenda mtu akauliza: Nyumba za askari zatuhusu nini sisi? Nami najibu ya kuwa ziko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Mtu akisimama katika mtaa wa Woodley, kando ya Barabara ya Ngong, hana haja ya kwenda mbali. Kibera yaanzia pale jirani. Akifuata barabara kuelekea mjini atafika Hurlingham, yalipo makao makuu ya Wizara ya Ulinzi. Akishika Barabara ya Mbagathi ataiona hospitali ya majeshi, na kambi ya Lang'ata haiko mbali na hapo. Kila kambi ina nyumba, na kila nyumba ina mke na watoto ndani yake. Na mahali fulani ofisini yuko mtu mmoja mwenye kalamu, ambaye huamua nani aingie, nani atoke, bomba la nani litengenezwe leo na la nani lingoje hadi mwezi ujao.

Ni juu ya mtu huyo ninataka kuandika juma hili. Watu wengi hudhani ya kuwa kazi yake haihitaji mafundisho. Husema, Mpe sajini yeyote ajuaye kusoma na kuandika, mpe na funguo, naye ataiweza. Mimi ambaye riziki yangu yatokana na kalamu na faili sikubaliani nao hata kidogo.

Kwanza tutazame jinsi nyumba ya askari isivyofanana na nyumba nyingine. Mpangaji wa kawaida akichoka na nyumba huhama, na mwenye nyumba akichoka naye humpa notisi. Askari hakai kwa namna hiyo. Nyumba yake imefungwa na kazi yake: akipanda cheo huhamia nyumba nyingine, akihamishwa hutoka, akistaafu hutoka, na akifa mkewe hutakiwa kutoka hali machozi yake hayajakauka. Tena mara nyingi mwenye nyumba hayupo. Ametumwa mpakani au ng'ambo ya nchi, na anayekwenda ofisini kusema ya kuwa choo kimeziba ni mama mwenye mtoto mgongoni, ambaye hana cheo, wala hajui amwamkie nani kwanza. Karani asiyefundishwa humwona mama huyo kuwa ni usumbufu. Karani aliyefundishwa ajua ya kuwa huyo ndiye mpangaji wake hasa.

Sasa niwakumbushe habari ya Kibera, maana sijui mfano mwingine ulio wazi kama huo, nao uko mlangoni petu.

Jeshi la King's African Rifles liliundwa mwaka 1902, na wengi katika askari wake wa kwanza walikuwa watu wenye asili ya Sudani, ambao twawaita Wanubi. Walipomaliza utumishi wengi wao hawakuwa na kwao pa kurudi. Jeshi likawapa nafasi katika msitu uliokuwa kando ya mji, nao wakapaita Kibra, ambayo kwa lugha yao maana yake ni msitu. Mwaka 1918 Serikali ikatangaza rasmi ya kuwa mahali hapo, yapata ekari 4,197, ni ardhi ya jeshi. Askari aliyetumika miaka 12 aliweza kupewa kibali cha kujenga na kulima humo.

Hapo maofisa wa jeshi wakawa watunza nyumba, kazi ambayo hawakufundishwa. Walijua kupanga watu mistari miwili na kukagua bunduki. Lakini kibali kile kilikuwa kitu gani? Hakikuwa hati ya kumiliki. Je, mwenye kibali akifa, mjane wake akae? Mtoto ambaye hakuingia jeshini arithi shamba la baba yake? Na mgeni aliyekodishwa chumba na mwenye kibali, yeye ni mpangaji wa nani? Haya ni maswali ambayo mtunza nyumba aliyefunzwa huyauliza siku ya kwanza, kabla ya kumkabidhi mtu karatasi yoyote. Askari wale wazee waliamini ya kuwa wamepewa ardhi iwe malipo ya jasho na damu yao, nao wakapanda miembe na kuzika wafu wao hapo kwa imani hiyo.

Mwaka 1928 jeshi likaukabidhi usimamizi wa Kibera kwa watawala wa kiraia. Kisha ikaja Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, ambayo ilifanya kazi yake mwaka 1932 na 1933. Yenyewe ilisema ya kuwa wakazi wale walikuwa wapangaji tu, wanaokaa kwa ridhaa ya Serikali. Basi jambo moja likawa na maana mbili: kwa askari ni urithi, kwa Serikali ni ruhusa. Mabishano hayo yaliendelea katika utawala wa Mwingereza, yakaendelea baada ya Uhuru wa 1963, na vipande vya ardhi ile vikachukuliwa kimoja baada ya kingine, mitaa mipya ikajengwa juu yake. Wazee wa Kinubi huihesabu Woodley kuwa mmojawapo. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliwapa haki Wanubi katika shauri lao. Na mwezi wa Juni 2017 jumuiya yao ikakabidhiwa hati ya ekari 288. Msomaji apige hesabu mwenyewe: ni miaka 99 tangu tangazo la 1918, na ekari zile hazifikii sehemu moja katika kumi na nne ya zile za kwanza.

Sisemi ya kuwa karani mmoja aliyesoma angaliweza kuyazuia yote hayo. Mambo ya ardhi katika Kenya yaliamuliwa na watu wakubwa kuliko makarani, na wengine wao hawakutaka kitabu kiwe wazi. Lakini kama kibali kile kingaliandikwa na mtu ajuaye kazi, kikitaja muda, mrithi, mipaka na haki ya fidia, askari yule angalijua tangu mwanzo amepewa nini na hakupewa nini. Angaliweza kukataa na kutafuta shamba mahali pengine wakati mashamba yalipokuwapo.

Jambo hili si la Afrika peke yake. Uingereza nayo ilijifunza kwa uchungu. Mwaka 1857 iliundwa tume ya kifalme kuchunguza afya ya jeshi, na taarifa yake ya 1858 ilionyesha ya kuwa katika askari 1,000 waliokaa kambini kwao, wakati wa amani, walikufa yapata 17 na nusu kila mwaka. Raia wa umri wao waliokufa walikuwa karibu nusu ya hesabu hiyo. Hawakuuawa na risasi. Walilala wamesongamana vyumbani mlimokosa hewa, wakafa kwa kifua na homa. Mwaka 1860 chuo cha madaktari wa jeshi kikafunguliwa Chatham, na usafi wa makambi ukawa somo la kufundishwa na kufanyiwa mtihani. Kwa watu wa kawaida, bibi mmoja jina lake Octavia Hill alianza mwaka 1865 kusimamia nyumba za maskini huko London, na akawafundisha wanawake wenzake kazi hiyo. Kila juma walipokwenda kukusanya kodi walitazama pia dari, mfereji na afya ya watoto. Hapo kazi ya kutunza nyumba ilianza kuhesabiwa kuwa taaluma, yenye chama na vyeti vyake.

Walakini elimu yaweza kusahauliwa. Mwaka 1996 Serikali ya Uingereza iliuza nyumba zaidi ya 57,000 za jamaa za askari kwa kampuni moja, kwa pauni bilioni 1.66, kisha ikawa inazikodi zile zile, na mzigo wa kuzitengeneza ukabaki juu yake. Mwezi wa Januari 2025 ikazinunua tena nyumba 36,347 kwa karibu pauni bilioni 6. Kwetu mtu akiuza ng'ombe kisha akanunua ndama wake kwa bei ya ng'ombe wanne, jamaa zake humwita barazani kumwuliza habari.

Marekani nako, sheria ya 1996 ilifungua njia ya kuwakabidhi makampuni ya watu binafsi karibu nyumba zote za jamaa za askari, kwa mikataba ya miaka 50 aghalabu. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters lilianza kutoa habari za nyumba zenye ukungu ukutani, panya, na rangi yenye madini ya risasi yanayodhuru watoto. Uchunguzi ukafanywa. Mwezi wa Desemba 2021 kampuni ya Balfour Beatty Communities ilikiri mahakamani kosa la udanganyifu: kati ya 2013 na 2019 wafanyakazi wake walibadili taarifa za matengenezo ili ionekane kazi imefanyika kwa wakati, na kampuni ipate malipo ya ziada. Ilitozwa faini ya dola milioni 33.6, na kuamriwa kurudisha zaidi ya dola milioni 31. Msomaji aangalie vema. Nyundo na misumari vilikuwapo, na fedha zilikuwapo. Kilichoharibika ni kitabu. Sheria iliyopitishwa Desemba 2019 iliwapa wapangaji wa kijeshi haki zilizoandikwa, na mojawapo ni kuonyeshwa habari ya matengenezo ya nyumba kabla ya kuingia. Huko Marekani kiko pia chama cha watunza nyumba za majeshi, Professional Housing Management Association, ambacho huwafundisha wenye kazi hiyo na kuwapa vyeti.

Sasa, mtu wa namna hii afundishwe nini? Naona mambo ya hesabu yasituchukulie nafasi kubwa, maana kila karani ayajua au apaswa kuyajua. Kubwa ni kukagua. Siku mpangaji aingiapo, na siku atokapo, nyumba itazamwe chumba kwa chumba mbele yake mwenyewe, kila kioo, kitasa na bomba liandikwe, na wote wawili watie sahihi. Kazi hiyo yaonekana nyepesi mpaka uifanye. Mtu asiyefundishwa huandika “nyumba ni nzuri” na kuondoka. Miezi sita baadaye askari akatwa mshahara kwa ajili ya mlango uliokuwa umevunjika kabla hajafika. Nimesoma karatasi za namna hiyo, nami nasema hazimsaidii mtu yeyote ila mlaghai.

Kisha afundishwe majengo kwa kadiri ya kutambua ugonjwa wa nyumba: unyevu upandao kutoka chini si sawa na maji yavujayo kutoka juu, na kupaka chokaa juu ya ukungu ni kuficha maradhi. Afundishwe sheria, ajue notisi ni nini na mjane ana haki gani. Na afundishwe kusema na watu. Jambo hili la mwisho wengine hulicheka, lakini katika kambi, ambako cheo cha mume humfuata mke hadi kisimani, karani akimpendelea mke wa ofisa kwa foleni ya fundi habari huenea kabla ya jua kutua.

Kitabu cha nyumba kina maana hata pasipo askari. Woodley yenyewe, ambayo siku hizi huitwa pia Joseph Kang'ethe, ilijengwa na baraza la mji kuwa nyumba za kupangisha. Katika miaka ya 1990 baadhi ya nyumba hizo zilihamia mikononi mwa watu binafsi, na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ikalazimika kwenda mahakamani kuzidai. Nyumba ya mawe haiwezi kutembea. Iliyotembea ni karatasi yake.

Mahali pa kufundishia hapakosekani katika Nairobi. Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho asili yake ni Royal Technical College iliyofunguliwa mwaka 1956, kinafundisha mambo ya ardhi na majengo. Kule Lower Kabete, ilipokuwa Jeanes School tangu 1925, na tangu 1961 chuo cha utawala, leo pana Kenya School of Government, ambapo watumishi wa Serikali huenda kujifunza kazi zao. Sidhani ya kuwa mtunza nyumba za askari ahitaji shahada. Miezi mitatu ya mafundisho kabla ya kukabidhiwa funguo, na majuma mawili kila miaka michache ya kukumbushwa, ingetosha kwa wengi. Na mtihani usiwe wa kukaa darasani. Mwanafunzi apelekwe katika nyumba tupu iliyokaliwa miaka 10, apewe kalamu, karatasi na saa mbili, aambiwe aandike kila kasoro aionayo. Kisha fundi mzee aingie nyuma yake na kuhesabu zile alizoziacha.