UCHAMBUZI: Kipa wa mchangani na mfupa unaokataa kuunga

Mara inajua kuzalisha timu. Biashara United ilicheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2018/19, na mwaka 2021 ikaingia Kombe la Shirikisho Afrika. Bunda Queens nao wameonja Ligi Kuu ya Wanawake. Ila nyuma yao kuna lundo la makipa wa mchangani, Musoma, Bunda hadi Butiama, wanaoruka kwenye viwanja vikavu bila daktari pembeni.

Hao ndio wanaotakiwa kuijua skafoidi.

Kipa akitua kwa kiganja kilichokunjuka, uzito wote unaishia kwenye kifundo cha mkono. Pale kuna mifupa midogo minane. Unaovunjika zaidi ni huo wa upande wa kidole gumba, wenye umbo kama la korosho.

Tatizo lake ni damu. Nyingi huingilia upande wa vidole, halafu ndiyo inarudi nyuma. Mfupa ukikatika katikati, kipande cha nyuma kinabaki na njaa. Tena X-ray ya siku ya kwanza inaweza isioneshe ufa. Ndiyo maana mwenye maumivu chini ya kidole gumba hufungwa hogo hata picha ikiwa safi, kisha hupigwa nyingine baada ya siku 10 hadi 14.

Mtaani mambo ni mengine. Mkono unakandwa kwa maji ya moto, unavutwa, Jumapili dogo yuko golini. Maumivu yanapungua, watu wanasema kapona. Miezi inapita, mfupa haujaunga.

Hapo sasa ndipo unapokuja upasuaji wa kupandikiza mfupa. Daktari anakwangua sehemu iliyoharibika, anachukua kipande cha mfupa wa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi nyongani au karibu na kifundo, anaziba pengo na kubana kwa skrubu ndogo au waya. Mfupa wa mwenyewe una chembe hai, na mwili haukatai kilicho chake. Kama kipande cha nyuma kimekufa, unaweza kuhamishwa mfupa pamoja na mshipa wake wa damu. Baada ya hapo ni miezi ya kusubiri, na sigara huchelewesha kuunga.

Hiyo ni kazi ya mabingwa. Kutoka Musoma hadi Bugando, Mwanza, ni zaidi ya kilomita 200. MOI iko Dar es Salaam. Weka nauli, malazi na ndugu wa kumsindikiza. Na kipa huyu siku za kazi ni mvuvi, mkulima au bodaboda. Asipotibiwa, kifundo huweza kusagika, na hapo hata kuvuta nyavu za ziwani inakuwa mateso.

Kwa hiyo hesabu ni rahisi. Hogo la mapema ni nafuu mara nyingi kuliko upasuaji wa baadaye. Waandaaji wa ndondo wanaopata fedha za jezi na zawadi za mshindi wanaweza kutenga pia za X-ray mbili kwa kipa aliyeumia. Na kocha asimrudishe golini kwa sababu tu amesema hasikii maumivu. Picha ya pili ndiyo iseme.