Kukariri hakutoshi

Kijana wa Mathare anapokimbiza mpira, misuli yake huvunja molekuli za ATP zinazobeba nishati mwilini. Mwanafunzi wa biolojia hulijua jina hilo. Mara nyingi huambiwa pia kwamba nishati imefichwa katika kifungo cha fosfeti ya mwisho, nacho kikikatika hufumuka.

Kauli hiyo inapotosha. Kukata kifungo hugharimu nishati. Faida hupatikana kwa kuwa vitu vinavyotokea, maji yakiisha kuingia, ni tulivu zaidi. Katika maji matupu, ATP hudumu muda mrefu. Myosini, kimeng'enya cha msuli, huiweka molekuli ya maji mahali panapofaa, na kazi ikaenda kasi.

Jicho haliwezi kuufuata mwendo huo, hivyo wataalamu huukokotoa kwa kompyuta. Mwaka 2013 Martin Karplus, Michael Levitt na Arieh Warshel walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kuziasisi mbinu za hesabu hizo.

Walimu wenzangu, shule isiyo na maabara kamili bado ina ubao na hisabati, na huko ndiko ukokotoaji huu huanzia. Tusiwanyime wanafunzi wa Mathare swali la "vipi". Kukariri hupasisha mtihani, hakuzai mwanasayansi.