Tuupime Usemi Kabla ya Kuusambaza

Ndugu zangu wa Kibosho, nanyi nyote mnaoishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kijana akitafuta historia ya mlima wetu mtandaoni hakawii kukutana na hadithi hii: kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alimpa mjukuu wake, Kaisari Wilhelm wa Ujerumani, mlima huu kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa, na ndiyo maana mpaka wetu na Kenya umepinda. Imo kwenye tovuti nyingi za utalii. Wageni husimuliwa, nao wakirudi kwao huiandika upya.

Tuipime. Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mpaka ule mwishoni mwa mwaka 1886. Wilhelm, mjukuu wa Victoria, alishika ufalme Juni 1888. Mwaka wa makubaliano, Kaisari alikuwa babu yake. Tena Wajerumani walikwisha kuudai mlima kwa mkataba ambao mjumbe wao, Karl Jühlke, aliufanya na Mangi Rindi wa Moshi mwaka 1885. Tarehe hizo zinatosha kuiangusha hadithi.

Kilichoibeba ni chembe za kweli zilizomo ndani yake: Victoria alikuwa bibi yake Wilhelm, na mpaka umepinda kweli. Kingine ni wingi wa kurasa zinazoirudia. Lakini tovuti mia zilizonakiliana ni shahidi mmoja tu.

Nasi tunaumizwa nayo. Mlima unaotolewa zawadi unaonekana hauna wenyewe. Rindi hayumo katika hadithi hiyo, wala Mangi Sina wa Kibosho, ambaye majeshi ya Mjerumani Wissmann yalilazimika kumpiga vita Februari 1891 ndipo Wajerumani wakaishinda nchi yake. Mtoto wa Kibosho anayeusoma uzushi huo akauamini ananyang'anywa babu zake.

Wala jina kubwa la msemaji halitoshi. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliandika kwamba ameiona theluji ya Kilimanjaro kwa macho yake. Huko London mwanajiografia William Cooley, aliyesifika kwa elimu ya Afrika bila kufika huku, alikana katakata. Ubishi uliendelea hadi mpelelezi Mjerumani von der Decken alipokuja mwaka 1861 na 1862, akapanda na kuithibitisha theluji. Msomi alikosea, aliyekuwa amefika na kuona ndiye aliyesema kweli.

Kwa hiyo nawaombeni tuzoee kuuliza maswali matatu mbele ya kila ukurasa: Nani anasema? Amejuaje? Aliandika lini? Asiyejitaja jina wala kueleza alikoipata habari, tusimpe imani yetu bure. Bei ya kahawa tuiulize Bodi ya Kahawa, ambayo makao yake yapo hapa Moshi. Dawa inayosifiwa kuponya kila ugonjwa, tukamuulize daktari wa Hospitali ya Kibosho au KCMC kabla hatujatoa fedha, na kabla mgonjwa hajaacha dawa alizoandikiwa.

Walimu, wapeni wanafunzi hadithi ya Victoria waichunguze wenyewe kwa tarehe. Wenye kampuni za utalii na waongoza wageni, ifuteni kwenye kurasa zenu, mweke habari za Rindi na Sina. Mgeni atapata simulizi bora zaidi, tena ya kweli. Wazazi na viongozi wa jumuiya, ujumbe usiojulikana chanzo ukiingia kwenye kikundi, ulizeni kwa upole, "Umeupata wapi?" Kuuliza hivyo si kumvunjia mtu heshima.

Nanyi vijana, wazee wenu bado wanakumbuka mengi. Waendeeni na kalamu. Andikeni jina la aliyesimulia kwa ridhaa yake, mahali aliposimulia na mwaka, kisha mziweke habari hizo mtandaoni, ili anayeitafuta Kibosho aisikie kutoka kwa Wakibosho.