Shahada ya Usanifu Isiishie Kabatini

Wapo watu, na baadhi yao ni wasomi, ambao hucheka wanaposikia kwamba mtumishi fulani ameomba ruhusa ya kwenda kusomea shahada ya uzamivu katika usanifu wa vifaa. Huuliza: mtu anayechora viti na vitanda atatafiti nini? Kwa mawazo yao utafiti ni kazi ya daktari, mkemia na bwana shamba. Msanifu, wanadai, kazi yake ni kukipamba kitu ambacho wengine wamekwisha kukifikiria.

Mawazo hayo si sahihi, na mfano wa kuyakanusha upo. Katika miaka ya 1960, chuo cha Royal College of Art cha mjini London kilikuwa na kundi la watafiti lililoongozwa na Bruce Archer. Kundi hilo lilipewa kazi ya kuchunguza kitanda cha hospitali. Kabla ya kukata shauri juu ya umbo lake, lilitaka kujua kazi ya kitanda chenyewe. Mgonjwa dhaifu anahitaji kitanda kifupi ili ashuke bila kuanguka. Muuguzi anahitaji kitanda kilichoinuka ili asiumie mgongo kwa kuinama kutwa nzima. Mahitaji hayo mawili yanapingana, na hayawezi kupatanishwa kwa rangi nzuri. Vitanda vya majaribio viliwekwa katika wodi za hospitali ya Chase Farm, kaskazini mwa London, vikatumiwa na wauguzi na wagonjwa wenyewe. Mwaka 1967 yakatolewa maelezo kamili ya vipimo na masharti, ambayo kiwanda chochote kingeweza kuyafuata.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kitanda kimoja kizuri kingebaki kuwa sifa ya fundi mmoja. Maelezo yale yaliwafaa watengenezaji wengi na hospitali nyingi. Mwaka huohuo wa 1967 chuo kilipewa Hati ya Kifalme iliyokiruhusu kutoa shahada zake, na mwaka 1968 Archer alikamilisha tasnifu yake ya uzamivu kuhusu muundo wa kazi ya usanifu. Msimamo wake ulikuwa kwamba utafiti ni uchunguzi wenye utaratibu, ambao lengo lake ni maarifa yanayoweza kufikishwa kwa watu wengine.

Kwa kipimo hicho, anayekwenda kusoma hana budi kujihadhari na makosa mawili. La kwanza ni kudhani kwamba kifaa alichokiunda, hata kikiwa kizuri namna gani, kinatosha kuwa utafiti. Asipoeleza alijaribu nini, kipi kilimshinda na kwa sababu gani, atakayemfuata ataanza tena mwanzo. La pili ni kujaza kurasa mia tatu za nadharia bila kumwendea hata mtumiaji mmoja. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Wala haimlazimu mtafiti wa Afrika Mashariki kusafiri mbali kutafuta swali. Jiko la mkaa lenye udongo ndani ya bati, lililoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980, lilitokana na jiko la Thailand. Halikuchukuliwa lilivyo; lilibadilishwa likafaa sufuria za huku, na likaweza kutengenezwa na mafundi wa mabati na wafinyanzi kwa zana walizo nazo. Mwalimu naye anayo maswali kila siku mbele ya macho yake. Mtoto wa darasa la kwanza anapokaa kwenye dawati lililopimwa kwa mtoto wa darasa la saba, miguu inaning'inia na mwandiko unapotoka. Je, dawati la vimo viwili linaweza kuundwa na seremala wa kijijini, kwa mbao zilizopo na kwa bei ambayo shule inaimudu? Swali hilo linastahili shahada.

Waajiri nao wana wajibu. Masomo ya mtumishi wa umma hulipiwa kwa jasho la wakulima na wafanyakazi. Ni jambo la kusikitisha msomi kurejea na ujuzi wa miaka minne, kisha akakabidhiwa meza na mafaili ya likizo za wenzake. Kabla ruhusa haijatolewa, yafaa mwombaji na ofisi yake wakubaliane ni karakana gani, shule gani au zahanati gani itayapokea matokeo ya utafiti huo.

Na matokeo hayo yaandikwe pia kwa Kiswahili, pamoja na michoro na vipimo vyake. Tasnifu ya Kiingereza iliyofungiwa katika kabati la chuo haiwezi kumfikia seremala, naye ndiye atakayelishika randa.