Tusinunue samaki kabla ya kuumba bahari

Halmashauri ya shule moja ya sekondari katika eneo hili la chai, ambayo mimi ni mmoja wa wanachama wake, imelijadili jambo moja kwa vikao viwili bila kulimaliza. Jambo lenyewe ni hodhi la kioo la lita 200. Linakusudiwa kuwekwa mlangoni pa ofisi ya mwalimu mkuu, lijazwe maji ya chumvi, samaki wa rangi za kupendeza kutoka Pwani na vipande vya matumbawe hai, ili wazazi watakaohudhuria siku ya kutoa zawadi wajionee kwamba hapa sayansi haichezewi. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walipoingia sekondari ya juu, shule zinashindana kuwavutia wale waliochagua masomo ya sayansi na teknolojia. Hodhi hilo ni sehemu ya mashindano hayo.

Mimi nililipinga. Baada ya kikao cha pili mwenzangu mmoja alinishika mkono nje ya bwalo, akaniuliza, si kwa hasira, tangu lini mwalimu mstaafu wa biolojia akawa adui wa sayansi. Sikuwa na jibu fupi. Hili ndilo jibu langu refu, na naliandika gazetini kwa kuwa najua shule yetu si ya pekee.

Nianze na kisa nilichokishuhudia mwaka jana. Rafiki yangu, mfanyabiashara wa mjini Kericho, alinunua hodhi la namna hiyo hiyo na kuliweka sebuleni. Chumvi aliyopewa ilikuwa sahihi, ile iliyotengenezwa mahususi kwa kazi hii. Maji aliyakinga kutoka kwenye paa la nyumba yake, maana mvua kwetu si haba. Jioni akakoroga, asubuhi samaki wakafika kwa basi ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni: wawili wadogo wa rangi ya machungwa na milia myeupe, kangaja mmoja wa buluu, na msafishaji mmoja mwembamba kama penseli. Palikuwa pia na anemoni, yule kiumbe wa minyiri laini ambamo samaki wenye milia hujificha. Siku ya pili anemoni alinywea na kuoza. Siku ya tano akafa msafishaji, na wale wawili wenye milia wakafuata, mmoja baada ya mwingine. Kangaja alistahimili hadi usiku wa siku ya kumi, umeme ulipokatika saa tatu na kurudi alfajiri. Siku ya kumi na moja aliniita, "Mwalimu, njoo uone," nikaenda nikaona maji meupe kama ya mchele uliooshwa.

Yule samaki wa milia huweza kuishi zaidi ya miaka 20 akitunzwa. Sebuleni kwa rafiki yangu hakumaliza wiki mbili. Ni nini hasa kilichowaua?

Kwanza ni mabati. Bati letu limepakwa zinki ili lisishike kutu, na maji ya mvua, ambayo kwa asili yana asidi kidogo, huichota zinki hiyo kidogo kidogo yanapoteremka. Ng'ombe huyanywa, sisi huyanywea chai, wala hatudhuriki. Lakini viumbe vya baharini visivyo na uti wa mgongo, kama anemoni na matumbawe, huuawa na zinki na shaba kwa viwango ambavyo ulimi wetu hauwezi kuvihisi. Maji safi kuliko yote machoni mwa mkulima wa Kericho yanaweza kuwa sumu kwa mnyama wa Shimoni. Maji ya bomba nayo yana klorini. Kwa hiyo maji hayana budi kuchujwa kwa mtambo maalumu au kukenekwa, kazi ambayo maabara yoyote ya kemia inaweza kuianza kwa kadiri ndogo.

La pili ndilo kubwa zaidi. Samaki hutoa amonia kwa kupumua na kwa kinyesi. Baharini amonia hiyo hupotea katika maji yasiyo na mwisho, lakini katika lita 200 haina pa kwenda. Zipo bakteria zinazoigeuza kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu, na nyingine zinazoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki wengi huivumilia. Bakteria hizo haziuzwi kama mapazia. Hukua zenyewe juu ya mawe na mchanga, polepole, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kabla ya kutosha. Katika muda huo wote hodhi ni maji, mawe na taa tu. Mwenye hodhi hutia chembe za chakula au amonia kidogo, anapima, anaandika katika daftari, anangoja. Amonia hupanda kisha hushuka. Naitraiti hufuata njia ile ile. Zote mbili zikisoma sifuri, ndipo samaki mmoja huingia, tena mmoja tu. Rafiki yangu aliwatia wote siku moja, katika maji ambayo hayakuwa na mtumishi hata mmoja wa kuyafagia.

Walimu wa kemia watalipenda jambo hili. Amonia katika maji huwa na sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine isiyodhuru sana. Kila pH ikipanda kwa kipimo kimoja, ile yenye sumu huzidi takriban mara 10. Bwawa la ngege lenye pH 7 linaweza kusamehe uzembe ambao maji ya bahari, yenye pH ya 8.1 au 8.2, hayausamehi kamwe. Ndiyo maana mtu aliyefuga ngege kwa ufanisi huko Sotik hushangaa anapoua samaki wa bahari kwa mbinu zile zile.

La tatu ni mlima wenyewe. Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na maji yanayokutana na hewa hiyo hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na maji ya Mombasa yenye joto lile lile. Na joto si lile lile. Matumbawe hutaka nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi mchana na usiku, nasi tunajua usiku wa Julai ulivyo katika nyumba isiyo na moto. Hita na pampu ndizo zilizokuwa zikimshikilia kangaja wa rafiki yangu, na zote mbili zilinyamaza pamoja. Tukumbuke Agosti 25, 2023, giza lilipoikumba karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Shule itakayonunua hodhi bila betri ya kuendesha pampu imenunua kaburi la kioo.

Umeme huo nao una hesabu yake, na naomba wanafunzi waifanye badala ya kuniamini. Hita ya wati 200 ikiwaka nusu ya siku, taa ya wati 100 kwa saa 8, pampu za wati 30 mchana kutwa na usiku kucha. Mtapata karibu uniti 4 kwa siku, yaani zaidi ya 100 kwa mwezi, ilhali kaya maskini inayolipishwa bei nafuu ya umeme haizidishi uniti 30. Fedha hizo ni karo, na karo ni majani ya chai yaliyochumwa kwa mkono wa mzazi fulani.

Niliulizwa na msichana mmoja kwa nini tusitumie chumvi ya dukani, maana imetoka Gongoni, na Gongoni ni baharini. Swali hili lilinifurahisha kuliko hotuba zote za halmashauri. Maji ya bahari yanapokaushwa mashambani mwa chumvi, madini hayatoki pamoja. Misombo ya kalsiamu hutangulia kuganda, kisha chumvi tuijuayo, na magnesiamu hubaki katika majimaji machungu yanayomwagwa. Tunachonunua ni kipande kimoja tu cha bahari, tena kimeongezwa madini joto. Matumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu; katika maji ya chumvi ya ugali yatajenga kwa nini? Chumvi maalumu hurudisha vyote kwa uwiano wake, gramu 35 hivi katika kila lita, yaani kilo 7 kwa hodhi la lita 200, na gramu 700 nyingine kila juma ukibadilisha sehemu moja ya kumi ya maji. Maji yanayopotea kwa mvuke, kwa upande mwingine, hujazwa kwa maji matamu, kwa sababu mvuke haubebi chumvi. Anayejaza kwa maji ya chumvi huongeza ukali kila siku asijue.

Mpaka hapa msomaji anaweza kusema kwamba haya ni matatizo ya ufundi, na ufundi hufundishika. Kweli. Iwapo yangekuwa hayo pekee nisingepinga kitu. Kinachonisumbua ni kule samaki wanakotoka.

Pwani yetu imekuwa ikiuza samaki wa mapambo nchi za nje kwa miongo mingi. Mpiga mbizi huwafuata miambani kwa vyandarua vidogo na hulipwa kwa idadi ya samaki. Bei ya duka la London haimfikii. Tofauti na ngege, ambaye hufugwa popote, samaki wengi mno wa matumbawe wanaouzwa duniani bado hukamatwa porini. Yule msafishaji mwembamba kazi yake mwambani ni kula vimelea miilini mwa samaki wengine, ambao hupanga foleni kumngojea kama wagonjwa zahanati. Ukimtoa, wagonjwa wanabaki bila tabibu, naye hodhini aghalabu hufa njaa kwa kukosa vimelea hivyo. Kila samaki anayekufa sebuleni hununuliwa mwingine, na mpiga mbizi hurudi mwambani.

Na mwamba wenyewe uko taabani. Mwaka 1998 maji yalipata joto kupita kiasi, matumbawe yakautema mwani mdogo unaoishi ndani yake na kuyalisha, yakageuka meupe, na mengi sana ya Kenya yakafa. Mwezi wa Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba kupauka kwa namna hiyo kumeenea tena ulimwenguni, kwa mara ya nne. Huko Kuruwitu wavuvi wenyewe walifunga sehemu ya bahari yao mwaka 2005 ili samaki wapumzike. Katika hifadhi za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuvua hata mmoja. Matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Je, shule yetu iliyo zaidi ya kilomita 700 kutoka huko ichangie nini katika shida hii? Mapambo ya mlango wa ofisi?

Nisidhaniwe kwamba nataka watoto wa Bomet wasiione bahari. Wengi wao watamaliza shule bila kuigusa, na wazee wetu, watu wa ng'ombe, hawakutuachia desturi ya kumstahi samaki. Tumeona pia matunda ya haraka. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 ya samaki katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140. Baadhi yameneemesha watu. Mengi mno yaliachwa, na yale niliyoyatembelea mimi yameota nyasi, kwa kuwa vifaranga vilifika kabla ya chakula na kabla ya maarifa. Tulianza na samaki.

Pendekezo langu kwa halmashauri ni kwamba hodhi linunuliwe, lakini liende maabara wala si ofisini. Mawe yawe yale ya kujengea nyumba za Pwani, matumbawe ya kale yaliyokuwa chini ya bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita na sasa huchimbwa nchi kavu. Yana vitundu vya kutosha kuhifadhi bakteria na hakuna mwamba hai utakaoguswa. Muhula mzima wa kwanza liendeshwe bila samaki, wanafunzi wakipima amonia, naitraiti, pH na joto kila siku, Jumapili ikiwamo. Wakifaulu, watafutwe samaki wawili wenye milia waliozaliwa katika hodhi za wafugaji, maana aina hiyo imeshazalishwa hivyo kwa miaka mingi duniani. Wasipopatikana, tungoje. Wanabiolojia wataona ajabu moja zaidi: samaki hao huzaliwa na uwezo wa kuwa dume, na mkubwa wa kundi hugeuka jike. Jike akifa, dume lake hushika nafasi yake.

Mwenyekiti wetu, mtu mwungwana, alinisikiliza hadi mwisho kisha akauliza: "Sasa Mwalimu, siku ya zawadi wageni watatazama mawe?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini nilimjibu kwamba ndiyo, watatazama mawe, na pembeni yake watatazama daftari lenye vipimo vya siku 60 kwa mwandiko wa watoto wao.

Kikao cha tatu ni Ijumaa. Nitakwenda na chupa mbili, moja ya maji ya bomba la shule na nyingine ya mvua iliyotiririka kwenye mabati ya bwalo, na mwalimu wa kemia ameahidi kuyapima mbele yetu kabla kura haijapigwa.