Tatu kwa Tano

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza iliunda tume ya kuchunguza mishahara na masharti ya kazi ya watumishi wa umma wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mwenyekiti wake alikuwa Sir Maurice Holmes. Ripoti ilipotoka mwaka uliofuata ilikuwa na mambo mengi, lakini lililobaki vichwani mwa watu ni moja: asiye Mzungu, hata akiwa na sifa zilezile za Mzungu, alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Anayezungumziwa hapo si tarishi wala kibarua wa bustani. Ni mwalimu, ni mganga, ni ofisa aliyepitia Makerere. Mwenzake akipata shilingi mia, yeye sitini.

Anayeijua katiba ya Marekani ya 1787 atashtuka kidogo, maana nayo ilimhesabu mtumwa kuwa sehemu tatu kwa tano za mtu wakati wa kugawana viti vya bunge. Sidhani Holmes aliiga huko. Hata hivyo inafikirisha kwamba watu wa mabara mawili, waliopishana kwa zaidi ya miaka 150, walipokaa kumkadiria mtu mweusi waliangukia tarakimu ileile.

Toleo hili tumelitenga kwa swali ambalo halikosi barazani, kwenye mahafali na katika makundi ya WhatsApp ya ndugu zetu walio ughaibuni: je, mtu hufanikiwa kwa elimu na bidii yake, au rangi ya ngozi ndiyo inayomwamulia? Waandishi wetu hawakubaliani, nasi hatukuwalazimisha. Mimi, kwa kuwa kiti hiki kinaniruhusu kutangulia, nina neno moja. Ubaguzi haupimwi kwa mvivu wala kwa asiyesoma. Hao wana sababu nyingi za kukwama, na mbishi hatakosa ya kushika. Ubaguzi hupimwa kwa aliyesoma, aliyejituma, aliyemaliza kila alichoambiwa amalize. Kinachopungua mkononi mwake baada ya hapo ndicho kipimo. Holmes alituwekea kipimo hicho kwa maandishi, bila kukusudia: sehemu mbili kwa tano.

Mahubiri ya bidii yana historia, na historia hiyo imepita uani kwetu. Booker T. Washington alizaliwa utumwani Virginia mwaka 1856. Mwaka 1872 alisafiri karibu kilometa 800, nyingine kwa miguu, kwenda shule ya Hampton, na huko akalipia masomo kwa kufagia na kutunza majengo. Mwaka 1881 alikabidhiwa shule mpya ya Tuskegee, Alabama, ambako wanafunzi walifyatua matofali na kujijengea madarasa. Mtu wa namna hiyo akizungumza habari za kujituma anastahili kusikilizwa. Lakini mwaka 1895, mbele ya umati mjini Atlanta, aliwashauri watu wake waanzie chini, kwenye kilimo na ufundi, na usawa wa kijamii wasiugombanie kwanza. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Plessy, ikahalalisha kuwatenga watu kwa rangi. W.E.B. Du Bois, aliyetunukiwa udaktari na Harvard mwaka uleule wa hotuba ya Atlanta, alimjibu katika kitabu chake cha 1903. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka na nzito kuipinga: fundi na mfanyabiashara asiye na kura hana cha kuilinda mali aliyoichuma.

Wakoloni waliusikiliza upande mmoja tu wa ugomvi huo. Mapema mwaka 1901 Wajerumani walikuwa wamekwisha kuwapeleka watu wa Tuskegee Togo kufundisha kilimo cha pamba. Mwaka 1924 ikaja zamu yetu. Tume ya Phelps-Stokes, chini ya Thomas Jesse Jones, ilizunguka Afrika Mashariki ikisifu elimu ya mtindo wa Hampton na Tuskegee: kilimo, usafi, ufundi, maisha ya kijijini. Ndani yake alikuwamo James Aggrey wa Gold Coast, msomi na msemaji hodari, ambaye kila alipopita aliwaacha vijana wakiwa na hamu ya masomo makubwa kuliko yale yaliyopendekezwa na tume yake. Mwaka 1925 Shule ya Jeanes, ya mtindo huohuo, ikafunguliwa Kabete, Kenya. Sina ugomvi na kilimo wala ufundi. Mpaka leo nchi zetu zinahangaika kutafuta mafundi. Ila mtoto wa mlowezi hakupangiwa mtaala huo. Heshima ya jembe ilihubiriwa kwa watu wa rangi moja.

Sasa mtazame Peter Mbiyu Koinange, mtoto wa Chifu Koinange wa Kiambu. Mwaka 1927 alikwenda Hampton, palepale alipofagia Washington. Akaendelea Ohio Wesleyan, akachukua shahada ya uzamili Columbia, New York, akasoma na Uingereza. Aliporejea Kenya mwaka 1938 hakukuwa na Mwafrika mwingine wa nchi hiyo aliyefika daraja hilo la masomo. Kama elimu ndiyo ufunguo, huyu alikuwa na shada zima. Serikali ilikuwa tayari kumpa kazi ya ualimu, lakini kwa mshahara ulio chini ya ule wa Mzungu mwenye sifa kama zake. Akakataa. Wapo waliomwona ana majivuno. Mimi naona alisoma hesabu vizuri. Mwaka 1939 alifungua chuo cha walimu Githunguri kwa michango ya wananchi, marika ya Wakikuyu yakishindana nani atatoa zaidi. Hapo kila kinachohubiriwa kilikuwapo: elimu, bidii, kujitegemea, hata nidhamu ya kuchanga. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ikakifunga chuo.

Mfano ninaoupenda zaidi hauna shahada ndani yake. Uko kwenye mibuni.

Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari Wakatoliki walipanda kahawa Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na Wachaga wakaipokea vihambani mwao, chini ya kivuli cha migomba. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, walowezi wa Kizungu walitaka wazuiwe. Walidai kwamba mashamba ya wenyeji yataeneza magonjwa ya mimea na kahawa yao itaibwa. Charles Dundas, ofisa wa serikali pale Moshi, hakuwakubalia. Aliwahimiza Wachaga waendelee. Mwaka 1925 wakaunda chama cha wakulima wa kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Kahawa ikalipa kodi na karo, ikaezeka nyumba mabati, ikawapeleka watoto shule. Leo kila mtu anajua kusema kuwa Wachaga ni wachapakazi na wanapenda shule, kana kwamba ni jambo la damu.

Vuka mpaka uingie Kenya. Udongo mwekundu uleule, mvua zilezile, na watu ambao hakuna mwenye akili timamu atakayewaita wavivu. Huko Mwafrika alizuiwa kupanda kahawa, kwa hoja zilezile za magonjwa na wizi ambazo Dundas alizikataa. Katikati ya miaka ya 1930 ndipo serikali ilipoanza kujaribu kidogokidogo Meru, Embu na Kisii, mbali na mashamba ya walowezi. Wakikuyu wengi walisubiri hadi miaka ya 1950. Jirani yao wa Kilimanjaro alikuwa amekwisha kusomesha kizazi kizima kwa kahawa. Anayetaka kujua bidii ina uzito gani na sheria ina uzito gani, asome historia ya zao hili kabla ya kusoma vitabu vya siri za mafanikio vinavyouzwa stendi. Bidii ilikuwapo pande zote mbili. Upande mmoja iliruhusiwa kuzaa.

Wahindi nao huingizwa kwenye mjadala huu kwa namna isiyowatendea haki wao wala sisi. Husemwa kwamba walifika mikono mitupu na wakatajirika kwa kubana matumizi. Ni kweli kwamba mtu kama Allidina Visram alifika pwani akiwa kijana mdogo, na alipofariki mwaka 1916 maduka yake yalikuwa yametanda hadi Uganda. Ni kweli vilevile kwamba nao walibaguliwa: mashamba ya nyanda za juu za Kenya hawakuruhusiwa, na watoto wao walitengewa shule zao. Lakini mwenye duka wa Kihindi aliweza kuchukua bidhaa kwa mkopo kutoka kwa mfanyabiashara wa jumla na kulipa baada ya kuuza. Mwafrika aliwekewa sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, iliyosemekana ni ya kumkinga na madeni. Aliyekingwa hivyo akabaki na kikapu cha ndizi sokoni. Kisha wajukuu wa wote wawili wakafundishwa kuwa tofauti ilikuwa tabia.

Ndugu zetu walio Marekani nina neno nao. Wapo wanaouliza, mara nyingi kwa dharau, kwa nini Mkenya au Mnaijeria aliyefika juzi ana shahada na nyumba, na Mmarekani Mweusi aliyezaliwa pale anahangaika. Anayepanda ndege kwenda huko tayari amechujwa na mitihani, ada na ubalozi. Hata bahati nasibu ya viza inadai elimu ya sekondari au uzoefu wa kazi. Na mlango wenyewe ulifunguliwa na sheria ya uhamiaji ya 1965, mwaka mmoja baada ya Sheria ya Haki za Raia, katika upepo wa harakati za hao hao wanaodharauliwa.

Wala mlango huo haukufunguka wote. Mwaka 2003 mwanasosholojia Devah Pager alichapisha utafiti wake wa Milwaukee. Vijana waliofundishwa kujieleza sawasawa walipelekwa kuomba kazi zilezile. Mweupe aliyesema amewahi kufungwa jela aliitwa mara 17 katika kila 100. Mweusi asiye na doa aliitwa mara 14. Mwaka uliofuata Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walieleza jinsi walivyotuma wasifu karibu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, sifa zikiwa sawa na majina tu yakitofautiana. Majina yanayosikika kuwa ya Weupe yalipata simu kwa asilimia 50 zaidi. Hicho ndicho kipimo nilichokitaja, safari hii bila ripoti ya serikali wala mlowezi.

Kutokana na haya yote mtu asije akamwambia mtoto wake kwamba kusoma ni kazi bure. Madaraja ya mishahara kwa rangi hayakujifuta. Tume ya Lidbury ilipopendekeza mwaka 1954 yaondolewe, watumishi Waafrika walikuwa wamekwisha kuyalalamikia kwa miaka, wakiwa na vyama vyao. Cha Tanganyika kiliongozwa na Rashidi Kawawa, kijana wa Tabora School. Walisoma, walifanya kazi vizuri, kisha elimu hiyohiyo wakaitumia kuipinga kanuni iliyowapunja. Washington alihimiza nusu ya kwanza ya kazi hiyo. Nusu ya pili ndiyo iliyoleta mshahara, na ndiyo inayosahauliwa na wasemaji wetu wa hamasa, wanaotoza kiingilio kuwaambia vijana kuwa umaskini ni mawazo.

Kwetu leo hakuna sheria inayotaja rangi. Tanganyika ilifuta shule za rangi mwaka 1962. Lakini ofisi zenye ngazi moja ya malipo kwa mtaalamu wa nje na nyingine kwa mtaalamu wa ndani, kwa kazi ileile, wasomaji wetu wengi wanazijua kwa kuwa wamo ndani yake. Husemwa ni gharama za kuhama, ni soko, ni masharti ya mfadhili. Huenda sehemu ni kweli. Kiasi gani ni kweli, hilo linahesabika. Kama wewe ni mmoja wao, tuandikie utueleze cheo, sifa, miaka ya kazi na malipo ya pande zote mbili. Majina ya watu na ya ofisi hatutayataja. Hesabu tutazichapisha katika toleo lijalo.