Sayari Tupu ni ya Nani?

Wahakiki wa michezo ya kompyuta wamegombana kwa miaka mingi juu ya mchezo uitwao No Man's Sky, na kwa maoni yangu wengi wao hawajaligusa jambo lenyewe. Wamegombania ahadi, bei na ubora wa picha. Mimi ni mtu wa Bugarama, wilayani Ngara, nami ninalo neno langu katika ugomvi huo.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo wenyewe, nieleze kwa ufupi. Ulitengenezwa na Hello Games, kampuni ndogo ya mji wa Guildford, Uingereza, inayoongozwa na Sean Murray, ukatoka mwezi wa Agosti 2016. Jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema "anga lisilo na mwenyewe". Ni bunilizi ya kisayansi: mchezaji anajikuta katika sayari ngeni, chombo chake kimeharibika, anachimba madini ili akitengeneze, kisha anaruka kwenda sayari nyingine, na nyingine tena. Sayari hizo hazikuchorwa moja moja kwa mkono. Kompyuta inazizalisha kwa kanuni za hesabu, na idadi yake inazidi 18 ikifuatwa na sifuri 18. Agosti 2019 toleo la Beyond liliongeza uhalisia pepe: unavaa miwani inayofunika macho yote, unashika vifaa viwili mikononi, na unajiona umesimama huko huko.

Mapokezi yake yalikuwa ya vishindo. Mwaka 2016 watu walighadhibika. Walikuwa wamedokezewa kwamba huenda wachezaji wakakutana angani, lakini katika siku za mwanzo wawili walifika mahali pamoja wasionane. Malalamiko yalifikishwa kwa mamlaka inayosimamia matangazo ya biashara Uingereza, ambayo mwezi wa Novemba mwaka huo iliamua kwamba matangazo hayakupotosha. Kampuni ikanyamaza, ikafanya kazi, ikaongeza mambo mapya bila kuwatoza tena walionunua. Mwaka 2018 wachezaji wakaweza kuonana na kucheza pamoja. Mwaka 2020 mchezo ukapata tuzo ya The Game Awards kwa michezo inayoendelezwa. Waliokashifu wakageuka wakasifu. Sina ugomvi na hayo. Ahadi ni deni, na muuzaji akidaiwa, alipe.

Ugomvi wangu ni juu ya neno moja walilolitumia mno: tupu. Sayari ni tupu, walilalamika, hakuna cha kufanya. Nao waliousifu walisifu utupu huo huo kwa jina la upweke na utulivu. Pande zote mbili zilikubaliana kwamba huko hakuna mwenyewe. Wapo wachache waliouliza swali la ukoloni, lakini sauti yao ilimezwa na kelele za bei na ahadi.

Hebu tutazame. Katika sayari nyingi za mchezo huo kuna majengo. Ndani yake wamo viumbe wenye lugha zao, na mchezaji anajifunza lugha hizo neno moja moja. Hilo nalisifu, kwani mgeni anayejifunza kusalimu ni mgeni mwenye adabu. Lakini mchezaji huyo huyo akishuka tu, anaandikwa kuwa ndiye mgunduzi wa sayari, na anaruhusiwa kuipa jina atakalo. Wenyeji wapo, wana biashara na lugha, na bado sayari haijagunduliwa mpaka afike yeye! Wahakiki waliohesabu kila kasoro ya picha hawakuiona kasoro hiyo?

Nilivalishwa miwani hiyo jijini Mwanza na mtoto wa kaka yangu. "Baba mdogo, chimba hapo, pana madini," aliniambia. Nikamuuliza, "Hapa ni kwa nani?" Akacheka sana. "Hapana mwenyewe, baba mdogo. Ni mchezo tu." Nikachimba. Punde mashine ndogo ikaja ikielea, ikanimulika, kisha ikaanza kunishambulia. "Huyo ni mlinzi, mpige!" Basi katika sayari nzima, aliyejali ninachofanya pale ndiye niliyeambiwa nimwangamize.

Sisi wa pembe hii ya Kagera tunawajua wagunduzi. Mwaka 1858 John Hanning Speke alilitazama ziwa kutoka upande wa Mwanza, akaliita Victoria, ingawa wenyeji walikuwa na majina yao. Waganda waliliita Nalubaale. Mwaka 1861 alipokewa Karagwe na Mukama Rumanika, mfalme mwenye baraza na wageni wake, naye akaendelea kugundua. Mwaka 1894 Count von Götzen alivuka Kagera penye maporomoko ya Rusumo kuingia Rwanda, na vitabu vikaandika safari hiyo kama kwamba mto ulikuwa ukingoja kuvukwa.

Na hapa kwetu kuna nikeli. Watafiti waliigundua miaka ya 1970, na mwaka 2021 serikali ilitia saini mkataba na Kabanga Nickel, ikaundwa Tembo Nickel, serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Sisemi nikeli isichimbwe. Nasema kwamba juu ya nikeli kuna migomba, mibuni na makaburi, na vyote huhesabiwa kwa jina la mwenyewe kabla ya mtu kuhama. Kila kitu kinategemea mhesabuji anaona nini anapotazama. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999, inapoeleza ardhi ya jumla, inataja pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sasa, shamba lililopumzishwa linatumika au halitumiki? Mbuga wanayochunga ng'ombe na kukata nyasi za kuezekea, ni tupu? Neno hilo likitamkwa vibaya ofisini, ukoo unakosa mahali.

Mtaniambia: mzee, ule ni mchezo, hakuna aliyenyang'anywa. Ni kweli. Lakini wahakiki wenyewe ndio walioandika mwaka 2019 kwamba ajabu ya miwani ni mikono. Unapeleka mkono begani, unachomoa chombo cha kuchimbia, unalenga mwamba, nawe unaamini uko pale. Walilalamika kwamba picha zilikuwa na ukungu na mwendo wakati mwingine ulikwama. Ikiwa mwili unaamini kiasi hicho, basi mwili unafundishwa, na mhakiki anapaswa kuuliza unafundishwa nini. Kijana anayeshuka katika sayari elfu bila kubisha hodi hata mara moja, siku akitumwa kijijini na kipimo cha ardhi mkononi, atabisha?

Haya si madai makubwa. Yupo mhakiki anayetumia kurasa 3 kueleza ukungu wa miwani. Namwomba atumie aya moja kuuliza kwa nini mchezo wenye lugha nzima za wenyeji hauna neno la kuomba ruhusa. Na watengenezaji, ambao wamethibitisha kwamba wanaweza kurekebisha kazi yao mwaka baada ya mwaka, waongeze jambo hili dogo: mgeni akitua, aulize jina la mahali kabla ya kulibandika lake.